Rangi ya Kope na Joto la Dar: Praima Inafanya Kazi Gani?

Bi harusi wa Dar es Salaam hupakwa meikapu mchana na kupigwa picha ya mwisho usiku wa manane. Kati ya saa hizo kuna ibada au nikahi, kuna foleni ya Barabara ya Bagamoyo ndani ya gari lililofungwa maua, kuna upepo wa chumvi wa Coco Beach ambako mpiga picha ameng'ang'ania kufika kabla jua halijazama, kisha ukumbi, keki, zawadi, mnuso na muziki. Matroni amebeba mkoba wenye kila kitu. Lipstiki anairudishia, jasho la paji la uso analibonyeza kwa tishu, poda anaipitisha puani. Jicho ndilo linalomshinda. Kufikia saa tatu usiku, rangi iliyotandazwa vizuri juu ya kope imejikusanya ikawa mstari mmoja kwenye mkunjo, wanja wa juu umejichapa karibu na nyusi, na yale mametameta ya dhahabu yameshukia mashavuni. Garini hakuna namna ya kulitengeneza hilo, kwa sababu rangi mpya ikipakwa juu ya rangi iliyokwisha kuteleza nayo huteleza.

Nimekuwa nikizijaribu praima za kope kwa muda sasa, za kampuni kubwa na za bei ya chini, nikipaka jicho moja na kuliacha la pili bila kitu, kisha nikienda na macho yangu hayo mawili kazini, sokoni, jikoni na harusini. Naandika kwa sababu nimeona wanawake wengi wakilipa fedha nyingi kwa aishedo, yaani rangi ya kope, ya jina kubwa, wakati kitu kinachoamua kama itafika usiku ni ile tabaka isiyoonekana iliyo chini yake. Praima inafanya kazi. Sema ina masharti, na mengi ya masharti hayo hayaandikwi kwenye boksi.

Tuanze na kope lenyewe. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote ya mwili. Unene wake haufiki milimita moja. Chini yake kuna msuli usiopumzika. Mtu aliye macho hupepesa kama mara 15 kwa dakika, kwa hiyo toka saa sita mchana hadi saa sita usiku bi harusi wetu atakuwa amepepesa zaidi ya mara 10,000, na kila mara ngozi hujikunja palepale ilipojikunja mwanzo. Ukingoni mwa kope la juu zimejipanga tezi ndogo za mafuta, kama 30 hivi, zinazoitwa tezi za Meibom kwa jina la tabibu Mjerumani, Heinrich Meibom, aliyezieleza mwaka 1666. Kazi yake ni njema: mafuta yake hutanda juu ya machozi ili jicho lisikauke. Lakini mafuta hayo, pamoja na yale yatokayo kwenye ngozi na yale yanayoteremka kutoka paji la uso, hukutana na aishedo.

Na aishedo ya kibati ni unga. Humo mna talki, mna ulanga ambao ndio unaoipa rangi mng'aro, mna oksidi za chuma zinazotoa wekundu, unjano na weusi, pamoja na mafuta kidogo ya kuushikisha unga ukae kwenye kibati bila kumwagika. Unga mkavu ukipata mafuta hulowa, na ukishalowa husukumika. Kope likijikunja linausukuma, likifunguka linauacha pale mkunjoni. Baada ya maelfu ya kupepesa, rangi yote imehamia sehemu moja.

Ninataka kulitetea jasho hapa, maana ndilo linalolaumiwa siku zote. Jasho ni maji yenye chumvi, na rangi iliyoshikiliwa na silikoni haiogopi maji sana. Kinachoiharibu ni mafuta, halafu ni kiganja. Mtu akihisi jasho kwenye jicho hufuta, na kule kufuta ndiko kunakokokota rangi hadi kwenye nyusi. Nimelishuhudia hilo Machi, mwezi ambao joto la mchana Dar hupita nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu kabla mvua za masika hazijakaa sawa. Jicho lenye praima lilikaa saa nyingi likiwa limelowa jasho na rangi haikuhama, hadi nilipolifuta.

Fundi rangi wa magari pale Gerezani hapulizi rangi juu ya bati tupu. Hutanguliza praima ili rangi ipate pa kushika. Kope nalo linahitaji pa kushika, na tofauti ni kwamba bati limetulia, kope halitulii. Ndiyo maana praima ya kope hutengenezwa ili ijikunje bila kupasuka. Ndani ya tyubu mna makundi matatu ya vitu. La kwanza ni vimiminika vyepesi, kama isododekani, ambavyo hupaa hewani ndani ya dakika moja au mbili. La pili ni silikoni na polima, ambazo vimiminika vikishapaa hubaki nyuma, zikashikana zikawa utando mwembamba unaokwenda na ngozi. La tatu ni unga wa kunyonya mafuta: silika, au kaolini, ule udongo mweupe ambao vilima vya Pugu vimejaa. Utando unaitenganisha rangi na ngozi, na unga unayapokea mafuta kabla hayajaifikia rangi. Ukisoma boksi, tafuta majina yanayoishia na "cone", "siloxane" au "silicate" mwanzoni mwa orodha. Hayo ndiyo yanayofanya kazi hiyo.

Mafuta hayazuiwi milele. Yanacheleweshwa tu, na praima ikishashiba mafuta rangi itaanza kusogea. Kwangu mimi, jicho lisilo na praima lilianza kuonyesha mstari kabla ya chakula cha mchana, na lile lenye praima lilifika jioni likiwa zima. Tofauti ya pili sikuitarajia, nayo ni nguvu ya rangi. Zambarau iliyoonekana hafifu upande mmoja ilikuwa zambarau kweli upande wa pili, ingawa brashi ni ileile na kibati ni kilekile. Utando unashika chembe nyingi zaidi, na unazishika pale zilipotua. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi faida hii ni kubwa pengine kuliko hata kudumu, kwa sababu aishedo nyingi za bei nafuu zina unga mweupe mwingi kuliko rangi, zikigusa kope letu zinapauka.

Bidhaa hii maalumu kwa kope ilipata umaarufu mkubwa duniani miaka ya 2000. Urban Decay, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1996 na Sandy Lerner, mwanamke aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya mitandao ya kompyuta ya Cisco, pamoja na Wende Zomnir, ilitoa praima iliyoiita Primer Potion. Chupa yake ya kwanza ilikuwa ya zambarau, ya umbo la chupa ya jini, na ilikuwa nzuri kutazama. Umbo hilohilo lilifanya fimbo yake isifike pembeni, na wateja wakawa wanaipasua chupa ili wapate mali iliyobaki ndani. Baadaye kampuni ikahamia kwenye tyubu ya kuminya. Too Faced nao walikuwa na Shadow Insurance, na jina lenyewe linakuambia walikuwa wanauza bima ya rangi. NYX, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1999 na Toni Ko, ikaiteremsha bei hadi wanafunzi nao wakaweza kununua. Leo Urban Decay na NYX zote mbili ni mali ya L'Oréal ya Ufaransa, iliyozinunua mwaka 2012 na 2014. Nalisema hili kwa sababu msomaji akiambiwa dukani kwamba tyubu moja ni bora mara tano kwa kuwa bei yake ni mara tano, ajue kwamba nyuma ya majina mawili tofauti anaweza kuwapo mwenye mali mmoja, na kwamba elimu ya silikoni si siri tena. Kwenye macho yangu, praima ya bei ya chini iliyopakwa vizuri iliishinda ya bei kubwa iliyopakwa vibaya, na haikuwa kwa tofauti ndogo.

Kupaka vizuri kuko hivi. Kope liwe kavu. Ukiosha uso na kupaka mafuta ya mgando au losheni nzito hadi machoni, kama wengi wetu tulivyolelewa, praima itakaa juu ya mafuta na utando hautashika ngozi. Losheni ipakwe mapema, iishie chini ya nyusi, na kabla ya kuanza ubonyeze tishu kwenye kope ichukue kilichobaki. Kisha minya kidogo sana, chini ya punje moja ya mchele kwa kila jicho. Tumia kidole cha pete, ambacho nguvu zake ni ndogo na joto lake linailainisha praima, ukigonga taratibu kuanzia ukingoni mwa kope hadi kupita mkunjo. Usisugue. Halafu ngoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, hasa fundi mwenye foleni ya wasimamizi wa harusi nje ya mlango. Vimiminika visipopata muda wa kupaa, rangi inatua juu ya kitu kibichi, inashika madoa madoa na haichanganyiki. Funga jicho kidogo, tazama chini, hesabu dakika moja hadi mbili, kisha gusa: kope linatakiwa liwe na mnato mdogo, lisiwe na unyevu.

Kuna wanaoweka poda nyembamba ya rangi ya ngozi juu ya praima kabla ya aishedo, na kuna wanaokataa katakata. Wote wana haki. Rangi ikitua moja kwa moja juu ya mnato inakuwa kali, na hilo ndilo unalotaka katikati ya kope ambako unaweka dhahabu au shaba. Kwenye mkunjo, ambako rangi mbili zinatakiwa ziingiliane bila kuonyesha mpaka, mnato unaizuia brashi isitembee. Poda kidogo hapo inasaidia. Mimi huweka poda kwenye mkunjo peke yake na kuiacha sehemu ya chini bila kitu.

Nimejaribu pia vibadala, kwa kuwa si kila mtu atanunua tyubu ya kazi moja. Konsila ndiyo inayotumiwa zaidi saluni, na inastahili heshima: ikipakwa nyembamba na kukaushwa kwa poda inaweza kumfikisha mtu mwisho wa kicheni pati ya saa chache. Ikipakwa nene inajikunja yenyewe kabla hata ya rangi, kwa sababu konsila nyingi zimetengenezwa zibaki laini chini ya macho, na kwa kope ulaini ndio ugonjwa wenyewe. Faundesheni ni dhaifu kuliko konsila. Mafuta ya mgando, ambayo mtu fulani aliniapia kwamba yanashikisha mametameta, yanayashikisha kwa muda wa picha moja. Praima ya uso, ile ya kuziba vinyweleo, haikunisaidia sana kwenye kope. Nyingi zimeundwa kuteleza. Na sprei ya kutulizia meikapu inafaa kwa mashavu, lakini haiwezi kurudi chini ya rangi ikazuie mafuta yanayotoka kwenye ngozi.

Sasa rangi ya praima yenyewe. Hapa nina malalamiko, na nayasema kwa moyo wote. Kwa miaka mingi praima za kope ziliuzwa katika rangi moja ya kimanjano cheupe iliyoitwa ya asili, yaani asili ya ngozi nyeupe. Weupe huo hutokana na titani dioksidi, na juu ya kope la maji ya kunde au jeusi unaacha kivuli cha kijivu ambacho aishedo ya kahawia haiwezi kukificha. Wanawake waliambiwa rangi fulani haziwapendezi, kumbe kilichowaharibia ni tabaka ya chini. Soko lilianza kubadilika kwa kishindo Septemba 2017, Rihanna alipoizindua Fenty Beauty na faundesheni za rangi 40. Kabla ya hapo wapo waliokwisha kulifanyia kazi jambo hili kwa ajili yetu: Suzie Wokabi wa Kenya na bidhaa zake za SuzieBeauty, na Chichi Eburu, mzaliwa wa Nigeria, ambaye Juvia's Place yake ilianza mwaka 2016 kuuza aishedo zenye rangi nzito zinazotokeza kwenye ngozi nyeusi. Ukinunua praima leo, chagua isiyo na rangi kabisa baada ya kukauka, au iliyo karibu na ngozi yako. Ipake mgongoni mwa mkono, toka nje ya duka, itazame kwenye mwanga wa jua. Taa za dukani zinaficha kijivu.

Weupe una siku yake, hata hivyo. Ukitaka bluu ya kitenge au kijani cha limau kionekane kama kilivyo kwenye kibati, tabaka nyeupe chini yake ndiyo itakayokupa. Hiyo iwekwe pale tu rangi kali itakapokaa, juu ya praima ya kawaida iliyokwisha kukauka, na iwe nyembamba mno.

Katika harusi zote nilizohudhuria na macho yangu ya majaribio, mtu niliyemfikiria zaidi ni mama wa bi harusi. Magazeti ya urembo yanaandika kuhusu kope za msichana wa miaka 25. Mama ana miaka 55, ngozi ya kope imelegea, mkunjo wake umekuwa miwili au mitatu, na sehemu ya juu inaikalia ya chini anapofungua macho. Kwake praima ina umuhimu mara mbili, kwa kuwa ngozi inagusana na ngozi siku nzima, na ndipo wanja wa juu unapojichapa. Fundi anampaka haraka haraka mwishoni, akiwa amechoka, mara nyingi kwa mametameta mengi ambayo yanaingia kwenye kila mkunjo na kuuonyesha. Mama apewe praima hadi juu kabisa ya ile sehemu inayoning'inia, apewe rangi isiyometa, na wanja wa unga badala ya wanja wa maji. Na atalia, maana binti anaondoka. Machozi yakimtoka, agusishe kitambaa chini ya jicho na asikikokote. Maji yatapita juu ya utando na rangi itabaki.

Kwa Mwislamu anayeswali kuna jambo jingine. Udhu unataka maji yaifikie ngozi ya uso, na kinachotanda na kuyazuia maji huondolewa kwanza. Praima nzuri ni utando usiopitisha maji kirahisi. Hiyo ndiyo sifa inayouzwa. Wanawake wengi wa Zanzibar, Tanga na Mombasa walikwisha kujipangia: wanatia udhu, wanaswali, wanapaka, na wanaulinda udhu wao; ukitenguka, uso unaoshwa wote na kazi inaanza upya. Fundi anayejali mteja wake huuliza ratiba ya swala kabla hajafungua mkoba wake wa brashi. Kuanza kupaka baada ya alasiri kunapunguza usumbufu mwingi, kwa kuwa hadi ukumbini inabaki magharibi na isha.

Pwani hii imejua kupamba jicho tangu zamani, na urithi wetu mkuu ni wanja wa manga. Naupenda weusi wake, na hakuna kalamu ya dukani iliyowahi kunipa weusi ule. Lakini lazima niseme mawili. Wanja wa jiwe wa asili mara nyingi ni galena, yaani salfidi ya risasi, ileile iliyosagwa Misri ya kale, na risasi ni sumu inayojikusanya mwilini, hatari zaidi kwa watoto. Marekani mamlaka ya chakula na dawa hairuhusu wanja wa aina hiyo kuuzwa kabisa. Basi macho ya kitoto kichanga yasipakwe, hata kama bibi alipakwa. La pili linahusu praima: wanja uliochanganywa na mafuta, ukipakwa ndani ya ukingo wa jicho, unapanda juu na kuulainisha utando kuanzia chini. Nimeona kazi nzuri ya fundi ikiharibika kwa njia hiyo, huku praima ikilaumiwa. Na praima yenyewe iishie kwenye mzizi wa nywele za kope, isiingie ndani ya ukingo zilipo zile tezi za Meibom. Tezi zikiziba, jicho linawasha na kukauka.

Mametameta nayo yanahitaji tahadhari. Yale ya kazi za mikono, yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule na mapambo, ni vipande vya plastiki vyenye ncha, na kikiingia kimoja kinaweza kukwaruza mboni. Nunua yaliyoandikwa kwamba ni ya macho, na uyashikishe kwa gundi yake maalumu. Praima ya kawaida haina mnato wa kutosha.

Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu jijini Dar es Salaam. Ni ugonjwa wa virusi, unahama kwa mikono na kwa vitu vinavyoguswa na watu wengi. Ukiwaza jinsi bi harusi, wasimamizi wanne, mama na mashangazi wanavyopakwa kwa fimbo moja ya praima inayotoka kwenye jicho na kurudishwa chupani, utaelewa kwa nini nalisema hili kwa ukali. Fundi aminye praima kwenye kibamba safi, achukue kutoka hapo kwa brashi iliyooshwa au kijiti cha pamba cha kutupa. Mteja ana haki ya kulidai hilo, na dada mwenye saluni asione kama anatukanwa. Tyubu nyingi zina alama ya kikopo kilichofunguliwa yenye 6M au 12M, maana yake miezi sita au kumi na miwili tangu siku ya kufunguliwa. Andika tarehe kwa kalamu chini ya tyubu.

Bidhaa bandia ni balaa jingine. Aprili 2018 polisi wa Los Angeles walikamata vipodozi bandia vyenye thamani ya dola 700,000, vikiwa na majina ya kampuni kubwa, na vipimo vikaonyesha bakteria na uchafu wa kinyesi. Kama yalitokea huko, Kariakoo hatuna sababu ya kujipa moyo. Tangu mwaka 2019 vipodozi nchini Tanzania vinasimamiwa na shirika la viwango, TBS, kazi iliyohamishwa kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA; Kenya ni shirika la viwango la huko, KEBS. Boksi lisilo na orodha ya viungo, namba ya toleo na jina la mtengenezaji liache hapohapo mezani. Praima ya kampuni ndogo yenye maelezo kamili ni salama kuliko jina kubwa linalouzwa kwa robo ya bei yake.

Usiku, kile kilichokusaidia mchana kitakataa kuondoka kwa sabuni na maji. Mtu anasugua, kope linavimba, nywele zake zinang'oka, na kesho anasema praima imemdhuru. Utando huu unayeyuka kwa mafuta. Lowesha pamba kwa mafuta ya nazi au kiondoa meikapu cha mafuta, ilaze juu ya jicho lililofumbwa kwa nusu dakika, kisha ivute kushuka chini mara moja. Baada ya hapo ndipo sabuni laini ifuate, kuondoa mafuta yenyewe.

Kwa bi harusi mtarajiwa nina ombi moja kuhusu siku ya kupimwa meikapu. Kawaida unakwenda saluni, unakaa chini ya kiyoyozi, unapakwa, unapewa kioo, unafurahi, unapiga picha mbili, na ukifika nyumbani unaosha. Hapo umeijaribu rangi tu. Mwombe fundi aweke praima jicho la kulia na konsila la kushoto, umlipe, kisha toka nayo. Panda bajaji hadi nyumbani bila kofia wala mtandio. Wapikie watu chakula cha jioni kwenye jiko la mkaa. Lia kidogo ukiweza, au kata vitunguu. Saa nne usiku jipige picha karibu kabisa, macho yamefumbwa nusu, halafu mtumie fundi picha hiyo na umwambie ni jicho lipi unalitaka siku ya harusi.